Chama kinachojibu: Mwongozo kamili wa kuzungumza na wapiga kura wa Kenya mitandaoni kabla ya Agosti 2027

Wakenya watapiga kura Jumanne, 10 Agosti 2027. Vyama vimeshaanza kununua kamera, kuajiri vijana wa mitandao na kufungua kurasa mpya. Ukipitia nyingi ya kurasa hizo utakuta mambo yaleyale: picha za mikutano ya hadhara, salamu za sikukuu, mabango ya mgombea akitabasamu. Ukishuka kwenye maoni utakutana na wananchi wakiuliza. Basari itatoka lini? Zahanati yetu mbona haina dawa? Mtaandikisha wanachama wapi? Maswali hayo hukaa pale mwezi mzima bila mtu kuyagusa.

Naamini kabisa kwamba kazi ya chama mtandaoni iko kwenye majibu hayo kuliko kwenye picha. Bango hutundikwa ukutani na redio hutangaza, lakini ni mtandao tu unaomwezesha mama aliyeko sokoni Kongowea kumuuliza mgombea swali na kupata jibu kabla hajafunga biashara. Chama kinachoutumia mtandao kama kipaza sauti kimeacha kilicho bora zaidi ndani yake. Mwongozo huu ni wa watu wa ofisi za chama, wagombea wa wadi na wa maeneo bunge, na vijana watakaokabidhiwa akaunti.

Hatua ya kwanza: Shuka hadi kituo cha kupigia kura

Mtandao hauna mipaka, ila kura inayo. Kenya ina kaunti 47, maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Video yako ikitazamwa na watu laki mbili walioko Nairobi, Nakuru na Doha, huku wewe unawania uwakilishi wa wadi moja Kilifi, umefurahisha watu wasioweza kukupigia kura.

Chukua takwimu za 2022. Wapiga kura walioandikishwa walikuwa 22,120,458, na vituo vya kupigia kura 46,229. Ukigawanya, unapata wastani wa watu wasiofika 500 kwa kituo. Kikundi kimoja cha WhatsApp kinaweza kuchukua watu 1,024. Maana yake daftari zima la kituo cha kawaida lingeweza kuenea ndani ya kikundi kimoja na nafasi ikabaki. Sisemi uwaingize watu wote humo, na hapo mbele nitaeleza kwa nini ni kosa kisheria. Nasema tu kwamba ukubwa wa kazi yenyewe hautishi kama inavyodhaniwa makao makuu. Kinachohitajika ni watu wachache kwa kila kituo wanaoaminika na majirani zao, wenye taarifa sahihi simuni.

Kwa hiyo anza na karatasi. Andika majina ya vituo vyote vya wadi yako, na mbele ya kila kituo ujaze: watu wa hapo wanakutana mtandaoni katika vikundi gani (wazazi wa shule, chama cha akina mama, stejini kwa bodaboda, kanisa, msikiti, matanga), nani anaviongoza, lugha gani inazungumzwa, redio gani inasikilizwa asubuhi, na mtandao wa simu unashika vipi. Jambo hili la mwisho husahaulika sana. Kuna vijiji ambako video ya dakika tatu haifunguki hata ukiwa na bando.

Kila jukwaa lina watu wake. X ni ya wanahabari, mawakili, wanaharakati na wanasiasa wenyewe. Ukitaka habari yako isomwe kwenye taarifa ya saa moja jioni, huko ndiko pa kwenda. Facebook ina vikundi vikubwa vya kaunti na vya maeneo bunge, na watu wazima wengi bado wako huko pamoja na jamaa zao walio ng'ambo. TikTok ina vijana, wakiwemo watakaopiga kura kwa mara ya kwanza. WhatsApp ina karibu kila mwenye simu janja. Wapo pia wazee na wafanyakazi wanaotumia kabambe, simu ndogo zisizo janja, nao hawatakiona chochote kati ya hivyo. Hao wafikie kwa ujumbe mfupi, redio na mjumbe anayebisha hodi, na kila unachotoa mtandaoni kiwe kinaweza kusomwa kwa sauti hewani.

Wakenya walio nje usiwapuuze. Mwaka 2022 vituo vya kupigia kura vilifunguliwa katika nchi 12, zikiwemo Tanzania, Uganda, Qatar na Falme za Kiarabu, ingawa kura huko ni ya urais pekee. Uzito wao mwingine uko nyumbani: anayetuma karo kutoka Ghuba husikilizwa na familia nzima.

Hatua ya pili: Maliza mambo ya sheria kabla ya chapisho la kwanza

Juni 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye mfumo wa serikali wa eCitizen na kukuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Hasira ilikuwa kubwa, na malalamiko yakafika kwa Kamishna wa Kulinda Data. Sakata hilo liwe mbele yako kila unapotaka kuomba orodha ya namba kutoka kwa rafiki aliye kwenye sacco, shule au duka la M-Pesa. Namba hizo zilitolewa kwa kazi nyingine. Ukizitumia kuomba kura, umevunja Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na umemtambulisha mgombea wako kwa mpiga kura kama mtu anayechukua kisicho chake.

Fanya hivi. Jisajili na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Kanuni za usajili zinataja kutafuta uungwaji mkono wa kisiasa miongoni mwa shughuli ambazo msamaha wa walio wadogo hauzihusu, kwa hiyo usijifiche nyuma ya udogo wa chama. Unapochukua namba ya mtu kwenye mkutano, mwambie itatumika kwa nini, na akubali mwenyewe. Weka daftari la walioomba kuondolewa na uliheshimu siku hiyohiyo. Na katika jedwali lako usiweke safu ya kabila. Sheria inaihesabu asili ya kikabila kuwa taarifa nyeti, na historia yetu inaeleza kwa nini. Unachohitaji kujua ni kituo, lugha anayopenda na jambo linalomkera. Hayo yanatosha kuzungumza na mtu yeyote.

Jumbe fupi za simu zinazotumwa kwa wingi zina utaratibu wake. Miongozo iliyotolewa 2017 na Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilitaka ujumbe wa kisiasa uwasilishwe mapema na kukaguliwa kabla ya kutumwa. Usipange kutuma jambo la dharura Ijumaa usiku ukitarajia liruke mara moja.

Hatua ya tatu: Watu, akaunti na funguo

Mgombea wa wadi hahitaji jeshi. Watu watatu wanaojua kazi yao wanatosha: mmoja wa kujibu, mmoja wa picha na video, mmoja wa kuhakiki kila dai kabla halijatoka. Mratibu wa kaunti aongeze msemaji na mtu wa kufuatilia uvumi. Walipwe, au angalau wanunuliwe bando na wapewe nauli. Kijana anayejitolea hutoa moyo wake wote mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu bando likimwishia, ukurasa wako hulala naye.

Kwenye akaunti kuna hatari ambayo kila msimu huwapata watu wapya. Ukurasa hufunguliwa kwa simu ya kijana mmoja, kwa baruapepe yake binafsi. Mchujo wa chama unakuja, mambo hayaendi alivyotaka, anahamia kambi nyingine na ukurasa wenye wafuasi elfu thelathini anaondoka nao. Kwa hiyo fungua kila akaunti kwa baruapepe ya ofisi na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la ofisi. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wawili au zaidi, mmoja akiwa mtu wa kudumu wa chama. Laini ya ofisi iwekewe PIN na isizungushwe mikononi, kwa sababu anayefanikiwa kuhamisha laini yako ataweza kubadilisha nywila zote.

Omba pia alama ya uthibitisho mapema. Akaunti bandia za wagombea huchomoza wiki za mwisho, zikiomba pesa au kutangaza kwamba mgombea amejitoa. Anwani zako halisi ziandike kwenye kila bango na uzisome redioni ili watu wazizoee.

Hatua ya nne: Kata manifesto vipande vinavyomezeka

Somo kubwa la mawasiliano ya kisiasa nchini katika miaka hii halikutoka kwa chama chochote. Juni 2024, vijana waliopinga Muswada wa Fedha waliuchukua waraka mzito wa kisheria, wakachambua kifungu baada ya kifungu, na kueleza kila kodi itamgusa nani. Walirekodi maelezo kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, wakayaweka TikTok na WhatsApp. Walifungua mijadala ya sauti kwenye X ambako mtu yeyote angeweza kuuliza. Namba za wabunge zilisambazwa na simu zao zikafurika jumbe. Muswada ulipita bungeni tarehe 25 Juni, siku ambayo waandamanaji waliingia Bunge na damu ikamwagika, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini.

Vyama vyenye ofisi, bajeti na washauri vilitazama vijana wasio na kiongozi wakifanya kile ambacho vyenyewe havijawahi kufanya na manifesto zao. Mbinu yao iko wazi, nawe waweza kuifuata. Chukua ahadi moja tu. Iandike kwa sentensi mbili kama unavyomweleza shangazi yako. Sema itagharimu nini na fedha zitatoka wapi. Sema nani ataguswa, mahali gani, lini. Kisha irekodi kwa sauti ya mtu anayeongea lugha ya hapo kama alivyoinyonya, kwani Kigiriama cha kusomewa kwenye karatasi husikika hata kwa mtoto.

Video iwe chini ya dakika moja, maandishi yakimbie chini kwa sababu wengi hutazama simu wakiwa wamezima sauti kwenye matatu, na sekunde za mwanzo zibebe jambo lenyewe. Muziki wa sekunde kumi na nembo inayozunguka hula bando la mwananchi bure. Hifadhi pia toleo lenye uzito mdogo kwa ajili ya WhatsApp.

Picha zako ziwe za mahali halisi. Ukizungumzia barabara ya Kaloleni, simama Kaloleni. Watu hutambua barabara yao kwa jiwe na kwa mti, na picha iliyookotwa mtandaoni hugunduliwa kabla ya saa kupita.

Hatua ya tano: WhatsApp, ambako kura huamuliwa

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu majukwaa mengine yanaonekana na hili halionekani, ilhali ndilo linaloingia jikoni.

Kwanza elewa mipaka yake. Kusambaza ujumbe mmoja kunaruhusiwa hadi mazungumzo matano kwa mpigo, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hupelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kila mara. Orodha ya matangazo huchukua watu 256, na humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Mfumo wa kibiashara unaotumiwa na mabenki kutuma jumbe kwa maelfu, masharti ya kampuni yanawakataza vyama na wagombea kuutumia. Anayekuuzia programu ya kutuma WhatsApp laki moja kwa usiku mmoja anakuuzia njia ya kufungiwa namba katikati ya kampeni.

Basi jenga kwa mkono. Kila kituo kiwe na mtu mmoja au wawili wanaojulikana hapo. Fungua kikundi cha watu hao tu kwa wadi nzima, na ukiite kikundi cha kazi. Asubuhi wape kitu kimoja: ujumbe wa sauti wa nusu dakika, picha moja, au jibu la swali lililosumbua jana. Wao watakipeleka kwenye vikundi vyao kwa maneno yao, wakimjua nani wa kumpa na kwa lugha gani. Ujumbe wa sauti ndio ninaoupendelea. Haupimwi kwa uwezo wa kusoma, hauli bando kubwa, na sauti ya mtu unayemfahamu hubeba imani ambayo bango haliwezi.

Ukiingia kwenye kikundi cha wengine, uko ugenini. Omba ruhusa ya msimamizi. Usipandishe siasa kwenye kikundi cha matanga, hata kama kina wapiga kura mia tatu, kwani waliofiwa hawatasahau. Kwenye kikundi cha wazazi wa shule, jibu kuhusu shule kisha unyamaze. Kumwongeza mtu kwenye kikundi chako bila idhini yake ndiyo njia ya haraka ya kumfanya atoke, akuzuie na kuwasimulia wenzake, na sheria ya data iko upande wake.

Chaneli za WhatsApp, zilizokuja 2023, ni nzuri kwa matangazo rasmi ya chama kwa sababu wafuasi hawaoni namba za wenzao. Zitumie kwa ratiba za mikutano, taarifa na kukanusha uvumi. Zina upungufu mmoja: mtu hawezi kukujibu humo kama kwenye mazungumzo. Kila tangazo, basi, limalizike kwa namba ya kuulizia.

Hatua ya sita: Fungua dawati la majibu

Chama kikikosa nguvu ya kufanya yote yaliyomo humu, kifanye hili. Teua mtu, mpe simu, weka saa za kazi, tuseme kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, na utangaze kwamba kila swali litajibiwa ndani ya siku moja. Kila swali liingie kwenye jedwali: limetoka kituo gani, linahusu nini, limejibiwa na nani na lini.

Mjibu wako lazima alijue Jedwali la Nne la Katiba kama kiganja chake, maana humo ndimo mgawanyo wa kazi ulimo. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko na huduma za maji ni kazi ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu ni kazi ya serikali kuu. Mbunge amekuwa na NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge; mwakilishi wadi hana. Mgombea wa wadi anayeahidi kujenga shule ya sekondari ama hajui kazi anayoiomba ama anamdanganya mwananchi, na siku hizi kuna kijana atakayemwekea katiba chini ya chapisho lake.

Tuseme mtu wa Malindi ameandika: “Mifereji imekauka wiki ya pili, nyie mnapiga picha tu.” Jibu baya ni kumfuta, kumtukana au kumwambia serikali iliyopo ndiyo ya kulaumiwa. Jibu linalofaa linakaribia hivi: “Pole sana ndugu, na asante kwa kutuambia. Maji yetu yanatoka Baricho, chanzo kinachohudumia kaunti zaidi ya moja, na kuyafikisha majumbani ni kazi ya kampuni ya maji ya kaunti. Mgombea wetu akichaguliwa atakuwa na kura kwenye bajeti ya kaunti, hana uwezo wa kufungua bomba yeye mwenyewe. Leo tumewauliza wahusika sababu na siku ya kurudi. Tukipata jibu tutaliandika hapahapa kabla ya saa kumi kesho. Uko mtaa gani?” Kisha kesho, kabla ya saa kumi, andika kitu. Hata kama ni kusema wahusika hawajajibu, andika.

Jibu kama hilo lina mambo manne: pole, ukweli wa nani anahusika, kile ambacho wewe unaweza na usichoweza, na saa maalumu ya kurudi. Husomwa na watu wengi zaidi ya aliyeuliza. Wasiokupenda watalisoma pia, na hao ndio unaowatafuta. Angalia pia heshima ya lugha. Mtu mzima aitwe mama au mzee, kijana aitwe ndugu au dada, na anayeandika Kidigo ajibiwe Kidigo ikiwezekana.

Mwisho wa wiki, kaa na mgombea mpitie jedwali. Swali lililorudi mara kumi kutoka kituo kimoja ndilo hotuba yake ya Jumamosi atakapofika huko. Hapo mkutano wa hadhara na mtandao vinashikana mikono.

Matusi ni suala jingine. Wagombea wanawake hushambuliwa kwa maneno ya aibu kuhusu miili na ndoa zao kwa kiwango ambacho wanaume hawakijui, na baadhi huacha mitandao kabisa. Usimwachie mgombea asome hayo peke yake usiku. Mtu wa timu ayachuje, ahifadhi picha za skrini zenye tarehe, aripoti kwenye jukwaa, na vitisho vya kudhuru vipelekwe polisi. Ukosoaji uachwe, hata mkali. Ukurasa unaofuta ukosoaji hauaminiki tena.

Hatua ya saba: Matangazo ya kulipia, na wale wa kukodiwa

Facebook na Instagram huhitaji anayelipia tangazo la kisiasa athibitishe utambulisho wake na nchi aliyopo, na tangazo hubeba maandishi ya nani amelipa. Matangazo hayo huhifadhiwa kwenye maktaba iliyo wazi kwa miaka 7, hivyo wapinzani na wanahabari wataona ulichosema na takriban ulichotumia. Uthibitisho huchukua muda, basi uanze miezi kadhaa kabla. Picha au sauti iliyotengenezwa kwa akili mnemba lazima itangazwe kuwa hivyo. TikTok haipokei matangazo ya kisiasa ya kulipia kabisa. X iliyapiga marufuku 2019 na kuyarudisha 2023.

Kwa mgombea wa wadi, pesa kidogo zilizolengwa kwenye eneo dogo, kwa jambo moja kama siku ya mkutano au mwisho wa kujiandikisha kupiga kura, huzaa zaidi ya pesa nyingi zilizomwagwa kaunti nzima.

Kuhusu wablogu wa kukodiwa na hashitegi za kununuliwa, msimamo wangu ni kwamba usiguse. Mwaka 2021 uchunguzi wa shirika la Mozilla ulionyesha jinsi vijana wa Kenya walivyolipwa takriban dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku za kusambaza uongo, wakiwashambulia majaji na wanaharakati waliopinga BBI, mpango wa kubadilisha Katiba. Hashitegi hizo zilipanda juu, kisha zikasahaulika, na Twitter ikafunga akaunti zaidi ya mia moja. Hao si wapiga kura wako. Wengi wao hawajawahi kukanyaga wadi yako, na kesho watalipwa na mpinzani wako kukutukana wewe.

Sumu ya aina hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 2017 Wakenya walitumiwa taarifa bandia zilizovaa nembo za BBC na CNN, na video za kutisha kuhusu nchi itakavyoungua mgombea fulani akishinda. Machi 2018 mkuu mmoja wa Cambridge Analytica, kampuni ya data na kampeni za kisiasa, alinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 ya Uingereza akijisifu kwamba kampuni yake ilikibadilisha sura chama mara mbili na kuandika manifesto na hotuba katika kampeni za Uhuru Kenyatta. Kila mtu kwenye siasa anajua kwamba hofu inasambaa haraka. Nchi hii pia inajua, tangu jumbe fupi za chuki za mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, inaishia wapi.

Hatua ya nane: Uvumi na chuki

Uvumi ukitokea, usiukimbilie ovyo. Uliza kwanza umefika wapi. Uongo uliosomwa na watu arubaini kwenye kikundi kimoja ujibiwe ndani ya kikundi hicho tu. Ukiupeleka kwenye ukurasa mkuu umeutangaza mwenyewe. Ukishasambaa, jibu kwa kuanza na ukweli, weka ushahidi, kisha utaje uongo kwa ufupi. Picha ya uongo ukiitumia, ipige chapa kubwa nyekundu inayofunika maneno yake, ili ikikatwa isitumike tena. Wahakiki kama PesaCheck, Africa Check na Piga Firimbi hupokea madai ya kuchunguza, na jibu lao lina uzito kuliko lako kwa sababu hawawanii kiti.

Chuki ni kosa la jinai. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 kinaweka faini ya hadi shilingi milioni moja, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Mwaka 2022 NCIC ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga, “madoadoa” likiwemo, neno ambalo watu wa Bonde la Ufa wanajua lilimaanisha nini: watu wa makabila mengine walioonekana kama doa la kuondolewa. Usitegemee kampuni za mitandao zikuchujie. Julai 2022 shirika la Global Witness lilijaribu kuwasilisha Facebook matangazo ya chuki kwa Kiswahili na Kiingereza, na yakaidhinishwa. Mchujo uwe kwako: mfuasi anayetukana kabila la mtu kwenye ukurasa wako afutiwe maoni hata akiwa mfadhili.

Hatua ya tisa: Wiki ya uchaguzi

Kampeni hukoma saa 48 kabla ya kura. Zima matangazo ya kulipia na machapisho uliyoyapanga yajitoe yenyewe, kwa sababu kompyuta haitakumbuka sheria kwa niaba yako. Kinachobaki ni taarifa za kiraia: vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, njoo na kitambulisho ulichojiandikishia.

Andaa njia mbadala ya mawasiliano. Mnamo 25 Juni 2024 intaneti ya Kenya iliyumba. Uganda ilizimiwa mtandao kwenye uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania siku ya kura, 29 Oktoba 2025. Kila wakala awe na namba tatu za kupiga zilizoandikwa kwenye karatasi, na mpangilio wa kutuma hesabu kwa ujumbe mfupi wa kawaida.

Mawakala wapige picha fomu ya matokeo iliyotiwa saini kituoni: 34A kwa urais, 35A kwa mbunge, 36A kwa mwakilishi wadi. Picha iwe ya karatasi nzima, yenye mwanga, jina la kituo likisomeka. Wabaki na nakala yao ya karatasi. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka fomu 34A zote wazi mtandaoni, kila mtu akaweza kujumlisha, lakini mbele ya Mahakama ya Juu baadhi ya picha zilizoletwa kama ushahidi zilipolinganishwa na fomu asili hazikufanana nazo. Picha iliyopita vikundi vitano haina uzito wa karatasi iliyo mkononi mwa wakala.

Usitangaze ushindi. Kutangaza matokeo ni kazi ya tume.

Hatua ya kumi: Pima, kisha usiondoke

Idadi ya waliopenda chapisho itakupotosha. Pima vitu vinne: maswali mangapi yamejibiwa ndani ya siku moja, vituo vingapi havijaleta swali lolote (huko huna mtu, au mtu wako amechoka), watu wangapi wamejitokeza kwenye mkutano uliotangazwa mtandaoni pekee, na wangapi wameomba kuondolewa kwenye orodha. Hesabu hii ya nne ikipanda ghafla, unatuma mno.

Baada ya matokeo kutangazwa, kila aliyekupa namba yake apate ujumbe mmoja wa shukrani wenye swali moja: angependa kuendelea kupokea taarifa za wadi, au namba yake ifutwe? Watakaosema ifutwe, zifute wiki hiyohiyo. Waliobaki wapewe namba ya dawati la majibu. Mshindi alitumie kueleza kila kikao cha bajeti ya kaunti kimepitisha nini kwa wadi hiyo. Aliyeshindwa alitumie kuuliza yale ambayo mshindi hajaeleza.